Jaribio Lililofeli Usiku Tu

Wiki jana nilipata ujumbe kutoka kwa msichana wa Malindi. Alianza kwa salamu ndefu nzuri, akaniuliza mama hajambo, kisha akaingia kwenye haja yake: "Dadangu, nimemaliza diploma ya kompyuta na kazi hakuna. Nataka kujitolea kwenye programu huria nipate uzoefu. Nimeambiwa nianze na majaribio ya kujiendesha kwa sababu ndiyo kazi rahisi, haitaki akili nyingi. Wewe wasemaje?"

Pale "haitaki akili nyingi" nilipasoma mara mbili. Nikaiweka simu, nikaenda kukaanga samaki. Nilijua nikimjibu papo hapo nitamjibu kwa hasira, na hasira zenyewe si zake, ni za miezi saba ya mwaka 2024. Basi namjibu hapa, na nyinyi wengine mnaoniuliza swali hilo hilo someni.

Ilikuwa Ramadhani. Kakangu ana duka la kanzu na kofia Langoni, na kwa asiyeijua Lamu, kumi la mwisho maduka hayalali. Watu wakishatoka tarawehe ndipo wanapokumbuka Idi. Watoto wanavutwa mikono kupimwa kanzu, punda wanapita na mizigo yao katikati ya watu, na saa saba usiku njia imesongamana kuliko saa nne asubuhi. Programu ya mauzo iliyokuwa kwenye laptopu ya duka nilimtilia mimi. Programu huria, bure, msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda, uko wazi, yeyote anaweza kuusoma na kuurekebisha. Nilimfunza kaka mwenyewe, nikajisifu mbele ya shemeji, nikamwambia lile daftari lake refu la jalada jeusi alitupe.

Usiku mmoja akanipigia simu niko nyumbani Mkomani. "Programu yako imenila pesa."

Nikajitupia buibui nikateremka. Droo ya pesa imejaa hadi haifungiki. Kwenye skrini, juu kabisa: Mauzo ya leo, 0. Nikaifunga programu, nikaifungua, 0. Mteja akaja akachukua kofia ya viua, akalipa mbele ya macho yangu, kaka akaingiza, bado 0. Mauzo ya jana ndiyo yaliyopanda. Nikatazama saa: saba kasorobo usiku. Nikasema ni virusi, kwa sababu mtu akiwa hajui husema ni virusi.

Laptopu nikaenda nayo nyumbani. Saa tisa na dakika tano nikaingiza mauzo ya uongo ya shilingi moja. Mauzo ya leo: 1. Nikaingiza tena: 2. Imepona! Mama kutoka jikoni ananiita, "Ndoo ule daku," nami nimekaa natazama namba mbili kama niliyeona jini.

Usiku wa pili sikulala. Niliingiza shilingi moja kila baada ya dakika kumi, nikaandika pembeni kwenye karatasi. Kuanzia saa sita kamili mpaka saa tisa kamili, hakuna kinachohesabika. Saa tatu haswa, nasi hapa tuko mbele ya saa ya ulimwengu, UTC, kwa saa tatu haswa. Programu ilikuwa ikiandika tarehe ya mauzo kwa UTC, na skrini ikiuliza tarehe ya hapa. Kila usiku kwa muda wa saa tatu ilikuwa na leo mbili.

Sasa kwa nini wenyewe hawakuliona? Kila mradi wenye heshima yake una majaribio ya kujiendesha: vijiprogramu vinavyoendesha programu kubwa, vinatia mauzo ya bandia, vinauliza jumla, vinalinganisha na jibu linalotakiwa. Mtu akibadilisha hata mstari mmoja wa msimbo, seva inayaendesha yote upya. Yakifaulu, alama ya kijani. Likifeli moja, nyekundu. Mradi huu ulikuwa na mamia ya majaribio, na yote kijani, kwa sababu saa za seva zao zimewekwa UTC. Huko leo mbili zinakuwa moja. Majaribio hayakusema uongo. Yalikuwa hayajawahi kukaa Langoni saa saba usiku.

Hapa ndipo nilipoharibu, na naona haya kidogo kuandika. Nilituma ripoti ya hitilafu nikiwa na usingizi, njaa na ghadhabu. Kichwa cha ripoti herufi kubwa tupu. Aya nne za kulalamika, mstari mmoja wa maelezo. Kisha, kama ushahidi, nikabana hifadhidata yote ya duka nikaiambatisha. Yote! Pamoja na majina ya wanaodaiwa, fulani kanzu mbili bado hajamaliza, fulani amelipa nusu. Watu wa mtaani kwetu, deni zao zimewekwa hadharani na mimi ninayejiita mjuzi. Kaka hajui mpaka leo. Akisoma hapa, kaka, nisamehe.

Siku tisa kimya. Siku ya kumi jibu: faili limefutwa, tatizo halikutokea kwao, ripoti imefungwa. Mistari miwili, hata ahsante hakuna. Nililia, naandika hivyo hivyo. Nilijiona kuwa ningekuwa na jina la kizungu ningeulizwa walau swali moja. Sijui kama ni kweli. Ila bado huwa linanijia nikiwa naosha vyombo.

Nilichokuwa sijui ni kilichotokea wiki ile ile. Tarehe 29 Machi 2024, Andres Freund, mmoja wa watengenezaji wa PostgreSQL, programu huria ya hifadhidata, alitangaza kwamba ndani ya xz, programu ya kubana mafaili inayopatikana karibu kila mfumo wa kuendeshea kompyuta wa Linux, mmetiwa mlango wa siri. Aliushtukia kwa sababu kuingia kwenye kompyuta kwa ssh, njia ya kuiendesha kompyuta ukiwa mbali, kulichelewa kama nusu sekunde kuliko kawaida. Mtu mwingine angepiga miayo, akaendelea. Mlango ulikuwa katika toleo 5.6.0 na 5.6.1, na aliyeutia, aliyejiita Jia Tan, alikuja kama mtu wa kujitolea, kama mimi na wewe, amefanya kazi kwa zaidi ya miaka miwili hadi akaaminiwa, akapewa funguo za mradi. Na sumu yenyewe aliificha wapi? Kwenye mafaili ya majaribio. Mafaili yaliyobanwa, yasiyosomeka kwa jicho, yaliyowekwa pale eti kwa ajili ya kupimia.

Halafu mimi, siku chache baadaye, mgeni asiyejulikana, nawapelekea faili lililobanwa lisilosomeka, na makelele. Lau ningekuwa wao, mimi pia ningelifuta. Ila ahsante ningesema.

Kuanzia hapo nilisusa. Sikufungua ukurasa wa mradi ule mpaka Agosti. Katikati nilijifunza Python zaidi, lugha ya kuandikia programu, sehemu ambayo nairuka kwa sababu haina hadithi, na usiku bando likiwa rahisi nikawa nasoma majaribio ya watu wengine. Hili nalipendekeza sana, mdogo wangu, kuliko kozi yoyote ya kulipia. Debian, kwa mfano, mmoja wa mifumo ya Linux, wana autopkgtest: kifurushi cha programu kinasakinishwa kwanza kwenye mfumo safi, ndipo kinajaribiwa, vile kitakavyokuwa kwa mtumiaji. Wenzao wa openSUSE wametengeneza openQA, na Fedora pia wanaitumia. Hiyo inawasha mfumo mzima ndani ya kompyuta ya kuigiza, inabonyeza vitufe, inatazama skrini na kuilinganisha na picha zilizohifadhiwa. Picha hizo wanaziita sindano. Nilimweleza mama, ambaye ameshona kofia za viua tangu kabla sijazaliwa, kwamba Wazungu wana sindano za kukagua kompyuta. Akainua kofia aliyokuwa nayo mkononi, akaielekeza dirishani, akapitisha jicho kwenye vitundu kimoja kimoja, kisha akafumua safu nzima kwa ajili ya kitundu kimoja ambacho mimi sikukiona. Hakunijibu kitu.

Agosti nikarudi. Safari hii sikupeleka ripoti ya maneno, nilipeleka jaribio. Mistari kumi na moja. Linaweka ukanda wa saa kuwa Africa/Nairobi, linaisimamisha saa ya kompyuta kwenye 21:30 UTC, yaani saa sita u nusu usiku kwetu, linaingiza mauzo mamoja ya mteja asiyekuwepo duniani, kisha linauliza: mauzo ya leo ni mangapi? Linalotakiwa, 1. Likajibu 0. Hakuna duka la kaka, hakuna majina ya watu, hakuna faili la kufungua. Mtu wa Brazil au wa Japani akiliendesha saa nne asubuhi kwake atapata 0 ile ile niliyoipata mimi wakati wa daku.

Nilibonyeza kutuma, nikaomba dua. Baada ya dakika nne seva yao wenyewe ikatoa nyekundu. Nyekundu! Sijawahi kuipenda rangi kama siku ile. Jioni msimamizi mwingine, si yule wa mwanzo, akauliza kama naweza kuongeza na kanda nyingine. Nikatia Asia/Kathmandu, iliyo mbele ya UTC kwa saa tano na dakika 45. Nikatia Pacific/Kiritimati, saa 14 mbele. Nikatia America/New_York, iliyo nyuma, kila moja na saa yake mbaya. Zote nyekundu. Kumbe New York ilikuwa ikifeli kila jioni, na huko hakuna aliyesema, au waliosema walifungiwa mlango kama mimi.

Marekebisho yenyewe yalikuwa mistari mitatu. Mitatu. Yakaingia Novemba pamoja na majaribio yangu, na jina langu liko kwenye historia ya mradi, herufi zake zote. Kwenye tangazo la toleo jipya, hata hivyo, aliyeshukuriwa kwa jina ni yule aliyeandika ile mistari mitatu. Upande wangu paliandikwa "majaribio kadhaa yameongezwa". Kadhaa! Haya, tusonge mbele.

Sasa wewe wa Malindi. Kwanza, aliyekwambia kazi hii haitaki akili hajawahi kuifanya. Pili, usiulize uanzie mradi gani. Anza na programu unayoitumia wewe, iliyokukera wewe. Ukijitolea kwenye programu usiyoitumia utachoka kabla ya mwezi kwisha, nimeona wengi, wanataka jina kwenye wasifu na picha ya cheti. Huku hakuna cheti.

Tatu, na hili nitalirudia mpaka unichukie: lifanye tatizo litokee tena. Likitokea kwako mara moja, bado huna kitu. Litokeze tena kwako, kisha lipunguze, toa kila kisichohitajika, mpaka libaki dogo linalotokea kwa mwingine bila wewe kuwepo. Usitume mafaili ya watu, tunga data ya uongo. Usitume hasira. Andika jaribio, na ulione likifeli kwa macho yako kabla hujashangilia likifaulu, maana jaribio ambalo halijawahi kufeli hujui linapima nini.

Kuna majaribio vigeugeu pia, leo kijani kesho nyekundu na hakuna kilichobadilika. Mara nyingi mwandishi ameiambia programu isubiri sekunde tano, akidhani kompyuta zote duniani ni za kasi kama yake. Yangu ya mitumba ilihitaji tisa. Lisubirishe mpaka kitu chenyewe kitokee, achana na sekunde. Na ukiambiwa "zamani lilikuwa likifanya kazi", jifunze git bisect, amri ya git, programu inayotunza historia ya msimbo: inagawa historia nusu kwa nusu, hata mabadiliko yakiwa 1,000 unampata mkosaji kwa hatua kama 10. Lakini ili bisect ikufae lazima uwe na jaribio linalolitokeza tatizo, kwa hiyo tumerudi pale pale. Lifanye litokee tena.

Mengine utayajua mbele. Vijana wetu wa pwani tunapenda kufika kabla hatujaondoka, nami nilikuwa hivyo hivyo.

Toleo lilipotoka Novemba nilishuka Langoni kumwambia kaka. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Nikamweleza kwamba sasa mauzo ya saa saba usiku yanaingia kwenye siku mpya, ilivyo sawa, Nairobi, Kathmandu, kote. Akanisikiliza mpaka mwisho huku anakunja kanzu. Kisha akainama chini ya meza, akatoa lile daftari la jalada jeusi.

"Siku mpya ya nini?" akasema. "Siku yangu mimi yaisha nikifunga."

Akalifungua kwenye kurasa za kumi la mwisho. Tarehe moja juu, kanzu, kofia, kanzu, vikoi, mpaka saa nane usiku, mwandiko unazidi kulala kadiri usingizi unavyomshika. Chini kabisa amepiga mstari kwa rula, na chini ya mstari ameandika: nimefunga.

Nimeipekua programu yote. Hamna mahali pa kuandika nimefunga.