Dhambi Mimbarini na Dhambi Faraghani: Majibu kwa Wasomaji

Mchungaji wetu huhubiri makosa ya washarika bila kutaja majina, lakini sote tunajua anamsema nani. Je, ni sawa? (Mzee wa kanisa, Moshi)

Si sawa, na kuficha jina hakumwondolei lawama. Katika Mathayo 18:15-17 Yesu anaweka hatua: kwanza mwonyaji na mkosaji wawe peke yao, kisha waitwe mashahidi mmoja au wawili, na mwisho ndipo kanisa liambiwe. Mchungaji anayeanzia mimbarini ameanzia mwisho, tena amechagua mahali ambapo anayesemwa hawezi kusimama akajibu. Nathani alipotumwa kwa Daudi, aliyekuwa amemtwaa mke wa Uria na kumfanya mumewe auawe vitani, alimwendea mwenyewe, akamsimulia kisa cha tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake wa pekee, na mfalme alipokwisha kumhukumu tajiri huyo kwa kinywa chake ndipo nabii akamwambia, "Wewe ndiwe mtu huyo." Uongo, uzinzi na wizi vikemewe ibadani waziwazi, lakini aliyeanguka afuatwe nyumbani kwake.

Binti yangu alipata mimba kabla ya ndoa, akatengwa na kuzuiwa Chakula cha Bwana. Kijana aliyempa mimba angali anaimba kwaya. Nifanye nini? (Mama, Njombe)

Pole sana, mama. Swali lako limenikalia moyoni, kwa maana si mara ya kwanza kulisikia.

Nidhamu ya kanisa yenyewe siipingi. Katika sharika zetu za Kilutheri lengo lake ni mtu kutubu na kurudi kundini, na hilo "kurudi kundini" ndilo jina tulilolizoea. Shida ni kwamba tumbo la binti huonekana na kosa la kijana halionekani, na baraza la wazee likiadhibu kinachoonekana tu, limeadhibu mimba, ambayo si dhambi, na kuuacha uzinzi, ambao ndio dhambi. Waandishi na Mafarisayo wa Yohana 8 walifanya vivyo hivyo: walimburuta mwanamke peke yake mbele ya Yesu, ingawa Walawi 20:10 inawataja wote wawili, mwanamume na mwanamke.

Omba kuonana na mchungaji, ukifuatana na mzee wa kanisa wa mtaa wenu, uombe kijana naye aitwe na kusikilizwa. Ikiwa binti yako amekwisha kutubu, uliza ni lini atapokelewa, kwa kuwa katika 2 Wakorintho 2:6-8 Paulo anawaambia Wakorintho kwamba adhabu imetosha, na sasa wamsamehe na kumfariji mkosaji asije akamezwa na huzuni. Tena mtoto atakayezaliwa asicheleweshewe ubatizo kwa kosa ambalo si lake.

Nikiungama kwa mchungaji, nitakuwa na hakika kwamba hatamwambia mkewe? (Msomaji, Dodoma)

Unastahili kuwa na hakika hiyo. Kwa Wakatoliki, Mtaguso wa Nne wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa kanisa, wa mwaka 1215 uliagiza adhabu kali kwa padri anayefichua siri ya kitubio, na sisi Walutheri tunayo maungamo ya faragha, ambayo Ungamo la Augsburg, tamko la imani yetu la mwaka 1530, linataka yadumishwe kanisani, ingawa halimlazimishi mtu kuhesabu kila kosa. Mchungaji asiyeweza kunyamaza asipokee maungamo. Hata hivyo, anayeelezwa katika mazungumzo ya kawaida ya ushauri kwamba mtoto anadhulumiwa asijifiche nyuma ya usiri: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kama hizo aziwasilishe kwa serikali ya mtaa.

Mbona tunasikia pombe na uasherati kila Jumapili, lakini rushwa na kudhulumu vibarua hatusikii? (Kijana, Mbeya)

Kwa sababu mlevi hachangii ujenzi wa kanisa, na mwajiri huchangia. Nasema hivi kwa uchungu, nikiwajua pia wachungaji wasioogopa. Amosi 8:5 inawashutumu wanaopunguza vipimo na kudanganya kwa mizani, na Yakobo 5:4 inasema kwamba ujira waliozuiliwa wavunaji unapiga kelele. Mwombe mchungaji wako ayahubiri maandiko hayo wakati wa mavuno, siku ambayo wenye mashamba na vibarua wao wanakaa ibada moja.