Muulize Dada Fundi: Kabla Hujanunua Betri Nyingine

Mwezi huu mmenilalamikia jambo moja tu: chaji haikai. Nimekaa kwenye meza ya ufundi hapa Mwanza miaka kumi na minne, na bado wapo wateja wanaoingia, wananitazama, kisha wanauliza fundi yuko wapi. Nikishawaambia ndiye mimi, neno la pili huwa lile lile: "Niwekee betri nyingine." Hela sikatai. Ila hakuna kitu kinachosingiziwa ndani ya simu kama betri. Tuanze na mwalimu.

*Dada Fundi, habari za kazi. Nafundisha sekondari Ukerewe. Nikija Mwanza kwenye semina, simu inafika jioni ina asilimia 40 au zaidi. Nikirudi kijijini naichomoa kwenye chaji saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana imeshazima, na wala sijaigusa, iko kwenye droo ya ofisini. Mwaka huu nimebadilisha betri mara mbili. Natumia laini mbili. Je, ni kioo? – Mwalimu, Ukerewe*

Njema mwalimu, na pole kwa hela ya betri mbili. Jibu umeliandika mwenyewe kwenye swali. Simu ni ile ile, betri ni ile ile, mjini chaji inakaa na kijijini haikai. Betri haijui kama imevuka ziwa. Kilichobadilika ni mnara.

Simu hairushi mawimbi kwa nguvu moja siku zote. Mnara ukiwa jirani, inanong'ona. Ukiwa mbali, inapaza sauti kama mtu aliyesimama ufukweni akimwita mvuvi aliye majini. Kwenye 4G simu ya kawaida hufika kama wati 0.2, na kwenye 2G inaweza kugonga hadi wati 2 kwa vipindi vifupi vifupi sana. Kutoa kiasi hicho hewani, kwenye betri inachota zaidi ya hapo. Na kama droo yenyewe ni ya chuma, kama za ofisi za walimu ninazozijua, basi umeifungia chumbani halafu unataka isikie mtu wa ng'ambo.

Nimelipima hili mwenyewe bila kukusudia. Nilipanda meli ya kwenda Nansio, huko huko kwenu Ukerewe, safari ya zaidi ya saa tatu, simu ina asilimia 82. Nikapiga picha mbili, nikaitia kwenye mkoba. Tunateremka, nakuta 57. Siku ya kurudi, meli ile ile na muda ule ule, nikaiweka kwenye Hali ya ndegeni. Ikashuka asilimia mbili. Hizo nyingine zote njia ya kwenda ziliishia kutafuta mtandao katikati ya maji.

Laini yako ya pili ndiyo ninayoishuku zaidi. Kama ni ya mtandao usioshika hapo kijijini, haikai kimya eti kwa sababu hakuna kitu. Inatafuta, inapumzika kidogo, inatafuta tena, kutwa nzima. Ingia kwenye Mipangilio, sehemu ya laini za simu, uizime hiyo moja. Huna haja ya kuitoa. Ukija mjini utaiwasha.

Ukiwa darasani unahitaji kupigiwa tu, zima data. Kama 4G hapo inashika mara moja na kupotea mara tatu, chagua 3G au 2G kwenye aina ya mtandao (zile wati 2 za 2G ni za vipindi vifupi tu), kwa sababu kurukaruka kati ya mitandao nako kunakula. Simu itoe kwenye droo, iweke dirishani pale ambapo vile vistari vinaongezeka. Usiku weka Hali ya ndegeni, isipokuwa kama una mgonjwa au mzazi wa kusikilizia. Fanya hivyo wiki moja kabla hujaniletea shilingi nyingine.

*Mambo vipi dada. Kila nikimaliza kutumia programu naifunga, nazifagia zote juu. Pia nimeweka programu ya kusafisha simu. Mbona bado inaisha? – Kijana wa chuo, Dodoma*

Poa mdogo wangu. Acha kufagia. Programu iliyolala haili karibu chochote, na ukiifunga kabisa, ukiifungua tena inaanza moja kwa kujipakia upya, hapo ndipo inapokula. Android imekuwa ikizilaza programu yenyewe tangu toleo la 6, mwaka 2015. Hiyo ya kusafisha ifute leo. Inakesha imewashwa ili ikuonyeshe matangazo ya biashara, halafu inakupongeza kwa kuokoa chaji.

*Shikamoo mama. Nauza chakula Igoma. Mfuniko wa nyuma wa simu yangu umeanza kuinuka upande mmoja, na kioo nikikigusa katikati kinaweka doa. Mdogo wangu anasema nitoboe kidogo kwa sindano gesi itoke. Huwa naichaji hapo hapo kwenye meza ya chapati huku naangalia video. – Mama ntilie, Igoma*

Marahaba mwanangu. Sindano iweke chini kwanza, ndiyo uendelee kusoma.

Betri yako imevimba. Ndani ya betri ya lithiamu kuna karatasi nyembamba za madini zilizokunjwa pamoja kama mkeka, zimetenganishwa na utando mwembamba, na zimeloweshwa kimiminika kinachoshika moto haraka. Joto likizidi au betri ikichoka, kimiminika hicho kinaharibika na kutoa gesi. Ukichoma sindano, hutoi gesi tu. Unazigusanisha zile karatasi zilizotenganishwa, inapiga shoti ndani kwa ndani.

Kijana niliyekuwa namfundisha kazi aliwahi kuingiza kisu cha chuma chini ya betri iliyogundishwa, ana haraka, mteja amesimama. Nilisikia sauti kama mafuta yanapopokea maji kwenye kikaango. Kabla sijageuka, moshi mweupe ulikuwa umejaa kibandani, na harufu yake ilikaa kooni mpaka kesho yake. Tuliizima kwa ndoo ya mchanga ambayo watu walikuwa wakinicheka kwa kuiweka chini ya meza. Tangu siku hiyo betri kwangu inatolewa kwa kipande cha kadi ya benki iliyoisha muda na matone ya spiriti ya kulainisha gundi. Chuma hakigusi.

Kwa hiyo zima simu. Usiichaji, usiibonyeze mfuniko ukae sawa, usiilalie. Iweke kwenye sufuria kavu mbali na jiko, kisha mpelekee fundi leo, siyo mwisho wa mwezi. Hapa betri kweli ni ya kubadilisha, na ile ya zamani usiitupe kwenye jalala linalochomwa moto.

Na hiyo meza ya chapati ndiyo iliyoiua. Apple wanaandika kwamba iPhone itumike kwenye joto la kati ya nyuzi 0 na 35, na betri za simu nyingine hazina uvumilivu tofauti. Pembeni ya jiko la mkaa nyuzi 35 zimeshapitwa kabla hujaweka kikaango. Ongeza joto la kuchaji, ongeza joto la video. Ukipata betri mpya, simu ichajiwe chini, kivulini, kioo kimezimwa. Video uangalie baada ya kuosha vyombo.

*Dada Fundi, baba amenipa simu mpya kwa sharti: ikae kwenye chaji masaa manane kabla sijaiwasha, halafu nisiichaji tena mpaka izime yenyewe. Nimfuate? – Binti wa kidato cha sita, Shinyanga*

Usibishane naye, ila usimfuate. Baba hakudanganya, amechelewa tu kupata habari. Simu za wakati wake, kama Nokia 3310 ya mwaka 2000, zilikuja na betri za nikeli. Betri za nikeli, hasa zile zenye kadimiamu, zilikuwa na tabia ya kukariri: ukizichaji kila mara zikiwa nusu, zinazoea kwamba nusu ndiyo mwisho. Ndiyo maana alizifuata zile kanuni, na simu zake zikadumu.

Yako ni ya lithiamu, aina ambayo Sony walianza kuiuza mwaka 1991. Wanasayansi watatu walioifanikisha walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019, na mmoja wao, John Goodenough, alikuwa na miaka 97. Mwambie baba, atafurahi kusikia habari ya mzee mwenzake.

Lithiamu haipendi kuishiwa kabisa na haipendi kukaa imeshiba muda mrefu. Kati ya asilimia 20 na 80 ndipo inapotulia. Siyo dhambi kuijaza siku ya safari, nazungumzia mazoea. Simu nyingi za Samsung, na iPhone kuanzia 15, zina sehemu ya kuweka kikomo cha asilimia 80, kitafute. Na kuchaji kidogo kidogo hakumalizi betri haraka, kwa sababu nusu ya leo na nusu ya kesho vinahesabiwa mzunguko mmoja. Apple wanasema betri ya iPhone 14 na za nyuma yake imetengenezwa ibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500, na kuanzia 15 ni mizunguko 1,000.

Kuhusu kulala ikichaji, simu inajikata yenyewe ikijaa. Ninachokukataza ni kuilaza chini ya mto.

*Mkuu, niko kijiweni Buzuruga. Simu iko kwenye usukani wa pikipiki, nimeichomeka kwenye USB tangu asubuhi, ramani iko hewani ili nipate abiria. Inaandika inachaji lakini asilimia zinarudi nyuma. Ni uchawi? – Bodaboda*

Ni hesabu, kaka. Nina kimita kidogo cha USB, kama kidole gumba, kinakaa kati ya waya na simu na kuonyesha volti na ampea. Mwenzako alikuja na tatizo hili hili, tukachomeka hapo hapo kwenye pikipiki yake nje ya kibanda. Kikasoma volti 4.7, ampea 0.38. Zidisha, hazifiki wati 2. Simu yenye ramani, data na mwangaza wa mwisho kwa ajili ya jua inaweza kula wati 3 na kuendelea. Anaingiza mbili, anatoa tatu, halafu anashangaa ndoo haijai.

Nikamwazima waya wangu mnene, mfupi kama kiganja na nusu. Bila kugusa kitu kingine ikapanda mpaka ampea 0.9. Waya wake ulikuwa mrefu, mwembamba kama uzi wa kiatu, umeme unaishia njiani. Kwa hiyo anza na waya, kisha kile kichwa cha USB, tafuta kinachotoa ampea 2 za kweli.

Halafu kuna jua. Simu ikipata moto sana inapunguza chaji makusudi ili kujilinda, na nyingine zinakataa kabisa na kukuandikia onyo. Tengeneza kikofia cha kuikinga. Niliona mmoja amekata dumu la mafuta la lita tano, akalifunga kwa mpira, halikuwa zuri kutazama lakini simu ilikuwa ya baridi. Abiria akishapanda na njia unaijua, zima kioo. Ukiweka mandhari meusi, yaani kioo kionyeshe weusi badala ya weupe, yatakusaidia tu kama kioo chako ni cha OLED, ambacho sehemu nyeusi huzimika kweli. Kwenye vioo vya LCD taa ya nyuma inawaka vile vile, weusi ni wa macho tu.

*Dada, duka moja wananiuzia betri iliyoandikwa mAh 6,800 kwa bei ya chini kuliko ile ya mAh 5,000 iliyokuja na simu. Umbo ni lile lile. Nichukue? – Mfanyabiashara, Geita*

Wewe uko Geita, mizani ya dhahabu hazikosekani huko. Omba mtu akuazime dakika moja.

Mimi ninayo moja, niliinunua kwa sababu hiyo hiyo. Hiyo mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inaweza kubeba. Lakini chaji haikai kwenye maandishi, inakaa kwenye madini, na madini yana uzito. Mteja aliniletea betri kama hiyo yako niifunge. Nikaweka kwanza ile ya zamani iliyotoka na simu, nikasoma gramu, nikaweka na hiyo mpya yenye namba kubwa. Mpya ilikuwa nyepesi kwa karibu theluthi nzima. Tukaifungua ganda la nje kwa uangalifu, ndani tukakuta kibetri kidogo kimezungushiwa sponji kujaza nafasi. Mteja alicheka, kisha akanyamaza, kisha akauliza kama wanaweza kumrudishia hela yake. Hawakumrudishia.

Betri za umbo moja na aina moja hazipishani uwezo kwa elfu moja na ushee namna hiyo. Pima, na kama muuzaji hataki uipime, umeshapata jibu. Ile yenye sponji ninayo bado, iko kwenye kopo la bati karibu na ndoo ya mchanga. Ukishuka Mwanza pita uishike mwenyewe, na uje na yako ya zamani mfukoni.