Kabla ya Kudai Nyongeza, Hesabuni Saini

Wiki iliyopita dada mmoja anayeshona nguo kiwandani Baba Dogo aliniandikia: "Dada, wametuletea fomu za chama cha wafanyakazi. Nikitia saini, si watanifuta?" Swali hili naulizwa sana tangu nitoke kiwandani, na kila mara roho inaniuma, kwa sababu najua hofu hiyo hupandwa na nani.

Mimi nilifanya kazi kwenye kiwanda cha plastiki, Lunga Lunga Road, Industrial Area. Mabeseni, ndoo, mitungi. Niliingia kama kibarua: alfajiri mko langoni, msimamizi anachukua vitambulisho vya anaowataka, wengine mnarudi Mukuru. Miaka ikapita bado naitwa kibarua, ilhali kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja ahesabiwe kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Nani angetuambia? Afisa wa chama ndiye aliyetusomea, tumebanana kwenye kibanda cha chai nyuma ya ukuta wa kiwanda.

Tukaanza kujaza Fomu S, ile inayoruhusu ada ya chama ikatwe kwenye mshahara. Sheria ya Mahusiano ya Kazi iko wazi: chama kikiandikisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaoruhusiwa kujiunga, mwajiri hana budi kukitambua. Zaidi ya nusu, basi. Waliopiga kelele sana chooni na kwenye matatu sio waliotia saini. Waliotia saini ni kina mama wa kufungasha na vijana wa zamu ya usiku, niliowaendea mmoja mmoja. Msimamizi alipoeneza habari kwamba majina yanapelekwa ofisini, niliwasomea kifungu cha 46 cha Sheria ya Ajira, kinachosema uanachama si sababu halali ya kumfuta mtu kazi, mpaka wakakijua kwa moyo.

Barua zilienda zikarudi, wizara ikatuma msuluhishi. Hayo niyaruke, nifike siku ya mazungumzo. Upande wa kampuni ulikuja na kikokotoo na maelezo marefu juu ya bei ya umeme. Mimi nilikuja na bahasha ya kaki. Nikazipanga hati za mishahara mezani: ya mwanamume wa mashine, kando yake ya mwanamke wa mashine ileile, zamu ileile, mshahara tofauti. Chini yake ovataimu ya Jumapili iliyolipwa kama siku ya kawaida. Hakuna aliyegusa kikokotoo tena. Tulitoka pale na nyongeza kwa wote, posho ya nyumba imeandikwa kwenye mstari wake, na mkataba wa pamoja, ile CBA, ukasajiliwa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Ukishasajiliwa, si ahadi ya bosi tena, ni sheria. Siku ile najivunia hadi leo.

Lakini kuna jambo lingali linaniuma. Waliokataa fomu, na yule aliyekuwa akipeleka majina yetu kwa msimamizi, walipokea nyongeza ileile. Baadhi yao hawakuwahi kutusalimia. Ndiyo maana naunga mkono kifungu cha 49 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi, kinachoruhusu asiye mwanachama anayefaidika na mkataba akatwe ada pia. Huwezi kula ugali wa jirani kila jioni na unga hutaki kuchangia.

Na tuache kukaa tukingoja Mei Mosi. Mwaka 2025 Rais Ruto alitangaza asilimia 12 juu ya kima cha chini cha mshahara, na ni vyema. Ila kima cha chini ni sakafu. Kupanda juu yake kunahitaji watu mliokaa mezani na mwajiri wenu. Hata haki hiyo ya kukaa mezani haikuja bure: Makhan Singh na Fred Kubai, viongozi wa vyama vya wafanyakazi enzi za ukoloni, walikamatwa Mei 1950, wafanyakazi wa Nairobi wakagoma, na Singh akawekwa kizuizini hadi 1961. Leo Kifungu cha 41 cha Katiba kinakupa haki ya kujiunga na chama na ya kugoma, halafu wewe unaogopa kalamu?

Dada wa Baba Dogo, tia saini. Nakala ya fomu yako ipige picha. Weka kila hati ya mshahara, hata iliyokunjika, na andika saa za ovataimu kwenye daftari lako mwenyewe. Muulize katibu wa tawi mmefika wangapi na mmebakisha wangapi kupita nusu. Akikwepa kujibu, muulize tena mbele ya wenzako. Na wakija wa kuwaambia mtoke nje kesho asubuhi, wakumbushe kwamba mgomo halali unatanguliwa na usuluhishi na notisi ya maandishi ya siku 7, maana mkitoka kiholela mtampa mwajiri sababu ambayo Fomu S haiwezi kumpa.