Kabla hujauza kiwanja ununue Nord: mpiga kinanda anataka nini hasa kwenye steji piano

Mkuu umesema una kama milioni tatu na nusu, Jumapili unapiga kanisani, wikiendi unapiga harusi na bendi, na kila unayemuuliza anakwambia jichange uchukue Nord, vile vinanda vyekundu vya Sweden. Mimi nakujibu kama mtu wa kazi hiyohiyo, nimepiga kwaya, nimepiga bendi za kumbini na taarab kidogo. Watu wanabishana sana kuhusu sauti ya piano, ipi tamu kuliko ipi, wakati steji piano (piano za umeme za kubeba jukwaani) karibu zote za kisasa za makampuni makubwa zina piano nzuri ya kutosha kwa ukumbi uliojaa watu wanaokula pilau na MC anaongea juu ya muziki. Kinachotutesa stejini ni vitu vingine kabisa.

Cha kwanza kwangu ni panel, yaani ule uso wa juu wenye vitufe na vinobu. Kanisani unajua mwenyewe, kiongozi wa sifa hafuati karatasi, mko kwenye pambio la taratibu una piano na stringi (sauti za fidla) chini yake, mara anarukia pambio la kuchangamka, dakika moja mbele gitaa la solo limeshaingia sebene na wewe unatakiwa uwe na brasi (sauti za tarumbeta) mkononi. Hapo huna muda wa kuingia menyu. Unataka kitufe kimoja kiite sauti, kingine kizime stringi, kinobu kipunguze ukali, na vyote viwe juu hapo unavifikia bila kuacha kupiga kwa mkono wa kushoto. Nord walishalielewa hili toka Electro yao ya 2001, kila kitu kina kitufe chake. Yamaha nao CP88 na CP73 za 2019 wamefuata njia hiyohiyo, piano ina sehemu yake, piano ya umeme ya aina ya Rhodes ina sehemu yake, na sauti za nyongeza zina sehemu yake, unawasha na kuzima kwa swichi ndogo za kidole. Ukienda dukani usikae kupiga ule wimbo wako mzuri tu. Muombe muuzaji akae pembeni halafu jaribu wewe mwenyewe, bila kufundishwa, kuweka besi kushoto na piano kulia, kuongeza stringi, kisha kupandisha nusu toni. Ukikwama dukani kwenye utulivu basi stejini utakwama zaidi.

Na hapohapo kuna jambo la sauti kukatika unapobadilisha. Vinanda vingi vya bei ya chini na vya zamani ukishikilia kodi (noti kadhaa kwa pamoja) halafu ukaita sauti nyingine, ile ya kwanza inakatwa pwaa, inabaki kimya cha sekunde, halafu mpya inaanza. Kwenye maombi ya taratibu watu wamefumba macho hicho kimya kinasikika mpaka nje ya geti. Uliza kama kinanda kinaacha sauti ya zamani imalizike wakati mpya inaingia. Nord Stage 3 na 4 zinafanya, CP88 inafanya, RD-2000 ya Roland inafanya.

Transpozi, yaani kitufe cha kupandisha au kushusha kii ya kinanda kizima wakati vidole vinabaki palepale. Najua kuna walimu wa muziki humu watakuja kusema mpiga kinanda wa kweli anapiga kii zote, sawa, mimi pia napiga, lakini mwimbaji mgeni anaweza kukuambia dakika hiyohiyo kwamba leo sauti imekauka tushushe, na wimbo wenyewe una mapigo ya kushoto uliyoyazoea kwenye F. Kwa hiyo kitufe cha transpozi kiwe juu ya panel na kiwe na taa, sio kimefichwa nyuma ya kubonyeza vitu viwili kwa pamoja. Taa ni muhimu maana usipoona kwamba iko +1 utaanza wimbo unaofuata peke yako kwenye dunia yako.

Funguo sasa. Steji piano maana yake wengi wanataka 88 zenye nyundo ndani, nzito kidogo kama piano halisi, na ukipiga ballad au nyimbo za kitabu raha yake iko hapo. Lakini harusi inaanza saa moja usiku inaisha saa saba, na kama kazi yako ni ogani na brasi za kugongagonga usiku kucha, funguo nzito zitakumaliza viganja. Na ule mtelezo wa ogani wa kukokota kiganja kwenye funguo zote, kwenye funguo za nyundo unaumiza. Ndio maana wapiga ogani wanapenda Nord Electro yenye funguo nyepesi zenye ncha laini. Wewe pima wiki yako, unapiga piano zaidi au unapiga kila kitu?

Uzito mnaupuuza sana, mpaka siku ukumbi uko ghorofa ya tatu na lifti imekufa. Kawai MP11SE ina funguo za mbao, kwa kidole ni tamu ajabu, ila ina zaidi ya kilo 30 kabla hujaiweka kwenye kesi. RD-2000 ni karibu kilo 22. CP88 ni kilo 18 na ushee. CP73 inashuka kwenye 13, RD-88 ni 13 na nusu, na Casio PX-S1000 ni kama 11 na inakubali hata betri 6 ndogo za AA, umeme ukikatika katikati ya ibada wewe unaendelea (ina vispika vyake vidogo, ila kwa kanisa zima utataka spika ya kuchaji). Ukiwa na gari haya ni maneno tu, ukiwa mtu wa bajaji ni maisha.

Nyuma ya kinanda napo paangalie. Steji piano nyingi hazina spika, usije ukafika nayo nyumbani ukashangaa mbona kimya. CP88 na RD-2000 zina matundu ya XLR, unachomeka moja kwa moja kwenye waya wa fundi mitambo. Nord Stage haina, ina jeki za kawaida, kwa hiyo beba DI boksi yako (kisanduku cha kuunganisha jeki na waya wa XLR), usitegemee la ukumbi. Halafu kumbi zetu na makanisa mengi mitambo ni mono, sauti yote inapita njia moja bila kushoto na kulia. Piano za kisasa zimerekodiwa kwa stereo pana, ukitoa kushoto na kulia halafu fundi akazibana kuwa moja, piano inakuwa nyembamba, noti za katikati zinapotea na wewe unalaumiwa huna kidole. Chomeka tundu lililoandikwa L/Mono tu, na kama kinanda kina piano ya mono ndani yake itumie. Nyumbani kwenye hedifoni itasikika ya kawaida, stejini itatoboa.

Pedali nayo: usikanyage wakati unawasha kinanda. Vinanda vingi vinasoma pedali ikoje wakati wa kuwaka, ukiwa umekanyaga itafanya kazi kinyume usiku mzima.

Kwa wa Unguja na Tanga, au yeyote anayechukua kazi za taarab, swali la kwanza liwe tofauti kabisa: je, naweza kushusha noti moja robo toni, haraka, katikati ya wimbo? Bila hiyo Rast na Bayati, zile ngazi za noti za Kiarabu, zitakupita. Steji piano nyingi hili ni la kuhangaika kwenye menyu kama lipo kabisa, wakati Korg za mfululizo wa Pa na Yamaha PSR kubwa zimelifikiria siku nyingi. Ndio maana unaona wapiga kinanda wa taarab wako na hizo, na wasiojua wanawacheka eti wanapiga kinanda chenye ngoma ndani.

Kwenye mtumba kuna mtego mmoja unaua watu. Kinanda kilichotoka Japani cha soko la kule kinatumia volti 100, cha Marekani 120, sisi tuko 230. Geuza usome kibandiko nyuma, kikiandika 100-240 chomeka, kikiandika 100 au 120 peke yake tafuta transfoma ya kushusha kabla hujagusa soketi. Halafu piga funguo zote 88, moja moja, taratibu sana, kisha kwa nguvu. Kuna zitakazolia kwa kelele hata ukigusa kidogo: hiyo ni vumbi au unyevu kwenye raba za chini ya funguo, kwetu Pwani ni jambo la kawaida, mara nyingi fundi anasafisha inarudi, ila bei ishuke.

Kwa pesa yako Nord Stage mpya sahau. Kwa kanisa pamoja na harusi mimi ningetafuta CP73 iliyotumika vizuri, au Yamaha MODX8 kama brasi na sauti za sebene ndio mkate wako, ila hiyo ya pili mambo mengi yako kwenye kioo na inatumia adapta ya nje, nunua ya akiba uiweke kwenye begi. Ikibaki hela usinunue pedali ya pili wala kifuniko cha kupendezesha, chukua stendi ya meza yenye miguu minne. Ile ya X chini ya funguo 88 inacheza, na mwanakwaya mmoja akiegemea mmekwisha. Niambie tu unapiga mono au stereo huko kanisani, na usafiri wako ni upi, nikupunguzie orodha.