Kwa Wanaoanza Kazi Zahanati: Msimwambie Mgonjwa "Ni Mawazo Tu"

Wadogo zangu mnaoripoti vituoni, kuna maneno nawaomba msiyazoee: "Huna ugonjwa, ni mawazo tu." Mtayasikia kwa wakubwa wenu, kwa sababu yanapunguza foleni. Mgonjwa akiambiwa hivyo anaelewa kwamba ameonekana mwongo, na jioni yuko duka la dawa.

Hakuna atakayeingia na kusema ana msongo wa mawazo. Atasema moyo unaenda mbio, kichwa kinawaka moto, tumbo limejaa gesi, mwili hauna nguvu. Malaria hamna, mkojo safi, damu ya kutosha. Bado anaumwa kweli. Ubongo ukihisi hatari, huamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage adrenalini: moyo huongeza kasi, mishipa hubana, ini hutoa sukari, utumbo hupunguziwa damu, misuli ya shingo hukaza. Kotisoli, homoni nyingine ya msongo, hufuata, nayo hukaa zaidi. Kwa kumkimbia nyoka, hayo yote yanafaa na yanaisha upesi. Mwenye mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, anaishi nayo miezi.

Ndiyo maana mgonjwa wa kisukari aliyefiwa anaweza kupanda sukari ilhali dawa anameza vilevile. Vidonda navyo hivyo hivyo. Mwaka 1995 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake huko Ohio, Marekani, walionyesha kwamba wanawake waliokuwa wakiuguza ndugu wenye ugonjwa wa kusahau walichelewa kupona kidonda kidogo cha mkononi kwa siku 9 hivi kuliko wenzao. Kwa hiyo kidonda kikisuasua, pima sukari, kisha uliza pia mgonjwa anamuuguza nani nyumbani.

Kuhusu vidonda vya tumbo muwe makini, maana mtaani kila maumivu ya chembe huitwa hivyo na kusingiziwa mawazo. Barry Marshall na Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kugundua bakteria anayevisababisha, Helicobacter pylori. Kisababishi kingine kikubwa ni baadhi ya dawa za maumivu, kama diklofenaki. Hapo ndipo msongo unapopita mlango wa nyuma: mtu kichwa kinamgonga kila siku, anameza diklofenaki kila siku, tumbo linachubuka na presha inapanda. Muulize anameza nini, na mwombe aje na pakiti zake. Swali hilo limenisaidia kuliko vipimo vingi.

Presha yenyewe msiipime mtu akiwa ndiyo kwanza ameshuka kwenye bodaboda. Akae dakika 5, ameegemea, miguu sakafuni, mkono usawa wa moyo, kibofu kitupu, na nyote wawili mnyamaze, kwa sababu kuzungumza kunapandisha namba. Rudieni kipimo. Wapo wanaopanda kwa kuona tu sare yetu. 150/95 ya siku moja, mtu akiwa hana dalili nyingine, haitoshi kumwambia ana presha ya maisha.

Wala msikimbilie msongo kabla ya kutazama mwili. Maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au tayani, na jasho jembamba, ni ya rufaa hata kama mgonjwa ameachika wiki iliyopita. Kupungua uzito, homa isiyoisha, choo cheusi, kutapika damu: hakuna mawazo hapo mpaka vichunguzwe. Moyo unaoenda mbio unaweza kuwa upungufu wa damu au tezi ya shingo.

Ukishachunguza, mtoe nje kwa heshima ndugu aliyemsindikiza, kisha uliza taratibu: "Mama, usingizi ukoje? Hali hii ilipoanza, nyumbani kulikuwa na nini?" Halafu nyamaza. Wengi hulia hapo, na foleni itasubiri. Nasimama na hilo hata mganga mfawidhi akinung'unika. Akisema amechoka kuishi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akikubali, asiondoke peke yake.

Mweleze kwa maneno yake mwenyewe namna deni lile au msiba ule unavyofika kwenye shingo na tumbo. Apunguze chai ya rangi na kahawa za usiku, atembee, amtafute mtu mmoja wa kumwambia. Kisha andika kwenye daftari lake tarehe ya kurudi ndani ya wiki 2, hata kama hukumpa dawa yoyote.