Jogoo wa wifi hakuingia bandani kwangu

Msomaji mmoja wa Kibaigwa ameniandikia juzi: "Dada, nimesikia habari za mafua ya ndege nikawafungia kuku wangu wote. Sasa wanadonoana mpaka damu na mayai yamekatika. Niwafungulie?"

Usiwafungulie, mdogo wangu. Wamebanana na hawana la kufanya. Kuku wa kienyeji amezoea kuchakura kutwa. Ukimfungia, kila alichokuwa akijitafutia uani umpelekee wewe. Wasizidi watano kwa mita moja ya mraba. Anayetoka damu mtenge. Mwaga maranda makavu, tupia mtama humo wahangaike kuutafuta. Ning'iniza fungu la mchicha juu ya vichwa vyao walirukie. Weka beseni la mchanga na majivu waoge, maana utitiri ukiingia banda lililofungwa hautoki kirahisi. Pumba peke yake hazileti mayai. Sisi wa Dodoma mashudu ya alizeti yako mlangoni, ongeza dagaa na chokaa ya mifugo. Maranda yakilowa yatoe siku hiyo hiyo, la sivyo utaanza kuona kuhara damu.

Haya niliyashika kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilipopita mtaani kwetu Nkuhungu. Kideri na mafua makali ya ndege hufanana mno, bila maabara huwezi kuapa ni kipi, na vyote havina dawa ya kuponya. Kideri angalau kina chanjo ya I-2, tone moja jichoni kila miezi mitatu. Chanjo hiyo haizuii mafua ya ndege. Huko kinga yako ni mlango.

Na mlango huo ndio ulionigombanisha na watu. Wifi yangu alifika na jogoo mwekundu, mzuri kweli, kamnunua mnadani Msalato aniletee zawadi. Nikampokea wifi kwa mikono miwili, jogoo nikasema hatalala na wangu. Akaniambia mbele ya mama mkwe kwamba nimejaa maringo, nathamini kuku kuliko ndugu. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone, najua. Lakini jogoo wa mnadani hukutana na kuku wa vijiji vyote. Majirani walifukia kuku msimu ule. Kwangu hakufa hata kifaranga. Hakuna aliyekuja kuniambia nilikuwa sahihi, na maneno yale bado yananiuma.

Kwa hiyo nawaambieni, acheni kuona haya! Kuku mgeni akae peke yake wiki mbili, awe wa wifi au wa mchungaji. Viatu vya mnadani viishie nje ya banda. Trei za mayai msiazimane. Bata wafugeni mbali na kuku. Uganda, Januari 2017, mafua ya ndege yalionekana kwa ndege pori kandokando ya Ziwa Victoria, yakakutwa pia kwa bata na kuku wa kufugwa. Nasi tuna Bwawa la Hombolo na mbuga ya Bahi, ndege wa majini wanatua huko, na bado kuna watu wanawanywesha kuku maji ya bwawani.

Wakianza kufa ghafla, usiwahi kuwachinja waliobaki wala kuwakimbiza sokoni. Mzoga usiushike kwa mikono mitupu. Mpigie ofisa mifugo wa kata kabla hujamgusa mwingine, hata kama ni usiku.