Jibu: Feni kunguruma na redio kukwaruza inveta ikiwaka

Pole mkuu. Umesema hapo Mbagala umeme ukikatika, inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) ikishika tu, feni inanguruma na redio inakwaruza. Hayo ni mambo mawili.

Umeme wa TANESCO unapanda na kushuka kama wimbi laini, mara 50 kwa sekunde. Inveta nyingi za bei rahisi hutoa wimbi la ngazi-ngazi, na mota ya feni hailipendi: inanguruma na kupata joto. Zima feni baada ya nusu saa, shika kichwa chake, utahisi mwenyewe. Friji usiichomeke humo, nakuomba sana. Dawa ni inveta ya wimbi laini tu, hata kama bei inauma.

Kuhusu redio, chukua ya betri, weka masafa ya AM, tembea nayo ukiiacha inveta nyuma. Kelele ikififia haraka, basi inapita hewani. Sogeza inveta mbali, zima kila kitu, kisha fupisha nyaya za betri na uzisokote pamoja. Zangu zilikuwa mita mbili, zimetawanyika kama kamba za kuanikia; nilipozikata kelele ilipungua sana. Arthi, yaani waya wa usalama unaokwenda ardhini, mwite fundi aipime, usijaribu mwenyewe.